Paa la Wakonyo na Sevisi Kubwa

Kikundi chetu cha akina mama hapa Ruring'u kilikuwa kinaezekeana nyumba kwa mabati, kwa zamu, na wa mwisho kwenye foleni alikuwa Wakonyo. Siku ya kugawa zamu alikuwa amekwenda Kutus kumwona dada yake, na sisi hatuna desturi ya kumngoja mtu. Alikuwa mjane mfupi, mwenye mikono ya kushika jembe. Miaka minne alitubebea mabati yetu, kisha jioni akarudi kwake kulala chini ya nyasi.

Mwaka wa 1972 zamu yake ikafika. Wiki hiyo hiyo fundi Mutahi akatuambia kwamba pikapu ya kikundi, ile ya kupeleka kabeji Murang'a, imetimiza maili elfu sitini na inataka sevisi kubwa: breki zote, klachi, cheni ya injini. Bei yake ilikuwa sawa na paa moja. Paa la Wakonyo, basi.

Nilisimama mkutanoni nikasema waliyoogopa kusema wengine. Gari inapanda mlima, inasimama ukiiambia, inafunguliwa ya nini? Mutahi naye anajenga nyumba ya mawe, macho tunayo. Wakonyo apewe mabati. Gari ikiharibika itatengenezwa. Nilipigiwa makofi.

Wakonyo akainuka bila haraka.

"Mama Gicheru, umekunywa chai kwangu mara ngapi mvua ikinyesha?"

Nikasema nyingi.

"Umewahi kunyeshewa?"

Nikasema hapana.

"Na unafikiri nyasi yangu haizeeki? Naibadilisha kila mwaka wa pili, jua likiwaka, kabla haijavuja. Nikingoja ivuje nitapanda juu na mvua mgongoni. Nyinyi mmelala kwa mabati mpaka mmesahau. Hiyo kabeji ndiyo inaninunulia paa. Gari ikilala barabarani, mabati yangu yatatoka wapi?"

Nilikaa chini. Si tabia yangu.

Mkutano ukakubali gari ifanyiwe sevisi, na Wakonyo akaweka sharti moja: kila kitu kikuukuu kitakachotolewa, akabidhiwe yeye mkononi. Siku mbili alikaa gereji juu ya debe, akisuka kiondo. Mutahi alikuja kunilalamikia kwamba hata mama mkwe wake hajawahi kumwangalia hivyo. Nikamwambia avumilie, fundi mwaminifu hadhuriki kwa kuangaliwa.

Jioni ya pili Wakonyo akapita kwangu. Akatoa kwenye kiondo bitana ya breki, ile inayobana gurudumu lisimame, akaiweka mezani kando ya kikombe changu. Ilikuwa imelika, imebaki nyembamba kama ganda la kitunguu. Mimi nilikuwa nimeteremka milima na gari hiyo wiki iliyopita, nimekaa juu ya kabeji, nikiimba.

Mabati yake yalikuja mwaka uliofuata, yameletwa na pikapu hiyo hiyo, na mimi ndiye niliyeshika ngazi. Mvua ya kwanza ilipopita alifika kwangu asubuhi, macho mekundu. Ati hakulala, kelele za mabati zilikuwa nyingi mno. Nikamshauri arudi kwa nyasi.

Alicheka, akainua macho akaangalia paa langu.

"Mabati yako yana miaka mitano sasa. Umewahi kukaza misumari?"

Nilimwambia hayavuji.

Aligonga meza kwa kidole, pale alipoiweka bitana. Nikaenda kwake kuchukua ngazi.