Pini Ndani ya Mkono wa Hadji

Iko siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, Mwanangu, na marehemu mume wangu alinichokoza kwa hilo hadi mwisho. Ni siku tuliyoona pini ndani ya mkono wa Hadji.

Nilikuwa msichana, najifunza kazi ya picha za eksirei katika hospitali moja hapa Butembo. Wewe unaianza kazi hiyo na mashine inayotoa picha kwenye kompyuta, huenda hujawahi kushika filamu. Sisi tuliishi nazo. Zilikaa ndani ya boksi lake katika chumba cha giza, na mwangaza ukiingia tu, zimekwisha. Mkuu wangu alikuwa Papa Kambale, mzee wa sauti ya chini na macho makali, ambaye hakupenda kusikia neno "labda" karibu na mashine.

Wiki hiyo jenereta haikuwa na mafuta, kwa sababu malori yalikuwa yamekwama kwenye matope upande wa Beni. Mashine ilikuwa imelala. Dada yangu mkubwa naye alijifungua kabla ya wakati, katika hospitali ileile, mtoto wa kike mdogo hata unaogopa kumshika. Alikuwa binti yake wa kwanza, basi kwa desturi yetu akaitwa Masika.

Mama yetu alizaliwa Masereka, kule juu ambako baridi haina huruma. Kwao mtoto mchanga alilazwa na jiwe lililopashwa moto, limefungwa kwa kitenge, karibu na miguu yake. Mama akalileta jiwe lake la jikoni. Halikuzidi ukubwa wa mkate, lakini nililishika kwa mikono miwili, lilikuwa zito namna hiyo. Kaka yangu Muhindo, dereva wa lori, alilipata kwa wachimba madini, akalitumia kuzuia gurudumu kwenye milima. Mama alipoona uzito wake akamnyang'anya, akawa analiweka juu ya kifuniko cha sufuria ya maharage, maana unajua maharage yetu ya huku juu yanavyochelewa kuiva.

Wauguzi wa wodi ya wazazi walilikataa. Jiwe la jikoni, walisema, halina kazi kitandani. Mama akanipa nimtunzie hadi watakaporuhusiwa kwenda nyumbani. Nikaliweka katika chumba cha giza, limefungwa ndani ya kitenge chake kwa pini yake, juu ya boksi la filamu, kwa sababu kifuniko cha boksi kilikuwa kinainuka kwa unyevu. Nilijiona mjanja sana.

Mafuta yakafika asubuhi ambayo dada yangu aliruhusiwa. Mama alipita kwangu akachukua jiwe lake, wakaenda nyumbani Kimemi. Mgonjwa wetu wa kwanza alikuwa Hadji, mfanyabiashara wa Beni aliyeanguka na pikipiki na kuumia mkono. Tukapiga picha, nikaisafisha filamu katika dawa zake, nikaiinua kwenye taa. Mfupa ulionekana, na ufa wake pia. Lakini wingu jeusi lilikuwa limeufunika nusu, na katikati ya wingu hilo ilikuwapo pini ya nepi, nyeupe, imefungwa vizuri.

"Hadji," Papa Kambale akauliza polepole, "hii pini iliingia ku mukono aje?"

Hadji akaugeuza mkono wake uliovimba, akautazama pande zote.

"Papa, mimi nilianguka na pikipiki, hapana na pini. Lakini angalia tena muzuri."

Mimi nilitaka kucheka. Papa Kambale hakucheka. Alirudi gizani, akatoa filamu nyingine ambayo haikupita kwenye mashine hata kidogo, akaiweka moja kwa moja kwenye dawa. Pini ikatokea tena, imefifia kidogo. Akachukua iliyokuwa chini yake. Pini ileile, imefifia zaidi. Nikahisi nywele zimenisimama. Mashine ilikuwa imelala wiki nzima, mlango ulikuwa umefungwa, na bado kuna kitu kilikuwa kimekaa gizani kikipiga picha bila kuombwa na mtu.

"Nini ilikuwa juu ya hii boksi?"

"Jibwe ya Mama."

"Iko wapi?"

"Amebeba ku nyumba. Ni ya kupashia mutoto moto."

Sikuwahi kumwona mzee yule akikimbia, kabla ya siku hiyo wala baadaye. Tulimwachia muuguzi Hadji, tukapakiana kwenye pikipiki hadi Kimemi. Njiani alinieleza sikioni kwamba jiwe lile linatoa mionzi, ya jamii moja na ile ya mashine yetu, ila lenyewe halina kizimio.

Tulimkuta Masika amelala, na kitenge chenye jiwe kiko miguuni pake. Nilikikwapua. Halafu nikamgeukia mama yangu, mbele ya mgeni, nikamsemesha vibaya.

"Mama, unalalisha mutoto na sumu? Hata akili ya kuuliza hapana?"

Mama hakupandisha sauti. Alimfunika mtoto, akanitazama.

"Ukibeba ile jibwe, baridi itabeba mutoto. Sasa wewe mwenye masomo, uniambie nichague nini."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Ndipo Papa Kambale aliponiambia maneno ambayo ndiyo yamenifanya nikuite ukae hapa.

"Kavira, nyamaza. Wewe uliona sababu filamu ilikuonesha. Mama yako angeona na nini? Na mbele ya kubeba moto ya mutu, donc, muletee moto ingine."

Yaani, kabla hujamnyang'anya mtu moto wake, umletee mwingine. Akanituma nichemshe maji. Tukayajaza kwenye chupa, tukazifunga kwa nguo nzito. Akamwelekeza dada yangu amlaze mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, na blanketi juu ya wote wawili. Tulisubiri. Miguu ya Masika ilipopata joto na mtoto akaanza kunyonya, Mama aliketi chini, akalia kidogo, akafuta uso. Baada ya hapo tu ndipo jiwe lilipotoka nje.

Uani, mbali na nyumba, Papa Kambale alituonyesha mshipa wa jiwe jeupe uliopita katikati ya jiwe lile jeusi. Weupe ule, kila ulipogusana na chembe nyeusi, ulikuwa na rangi ya moshi.

"Hiyo masizi," Mama akasema. "Nilisugua na muchanga, ilikatala kutoka."

Mzee akalifunika jiwe kwa kitambaa kilicholowa, ili vumbi lisiruke, akabandua kipande cha ule weupe. Ndani pia mlikuwa na moshi, na masizi hayaingii ndani ya jiwe. Akakitia kipande kwenye makaa, akapuliza, tukangoja. Alipokitoa na kikapoa, kilikuwa cheupe. Mama alishika mdomo. Mimi, Mwanangu, nilipiga ishara ya msalaba, na sioni haya kukuambia.

Alitueleza hivi. Mwali wa jiwe lile ukipita ndani ya kitu, unang'oa chembe ndogo mno, elektroni, kutoka mahali pake, na kitu kilichong'olewa hakibaki kama kilivyokuwa. Ndani ya filamu mna chumvi ya fedha. Ikiguswa, dawa huigeuza kuwa fedha nyeusi. Ile pini ya kitenge, iliyokuwa kati ya jiwe na filamu, ilizuia, ndiyo sababu chini yake pakabaki peupe. Katika jiwe jeupe, elektroni hunasa mahali pasipo pake, na rangi ya moshi ikajijenga kwa miaka ambayo hakuna babu aliyeihesabu. Moto ukazifungua, zikarudi kwao. Kwenye maboksi ya sindano kuna kibandiko cha mviringo kinachotoka manjano kuwa chekundu, kuonyesha kwamba mionzi imepita na kuua vijidudu, na sindano yenyewe haibaki na mionzi hata chembe. Kila kitu kinajibu kwa namna yake.

"Na mutoto?" dada yangu akauliza kutoka mlangoni.

Mzee akamgeukia. Mtoto, alisema, sehemu kubwa ni maji, na mwali ukipasua maji, vipande vyake vinauma majirani. Mwili unajitengeneza, unajua kazi hiyo, ila mara nyingine unakosea, na hatuna makaa ya kuurudisha. Mchana mmoja ni kidogo sana. Miezi yote ya baridi asingependa kuijaribu.

Muhindo alilipeleka jiwe ofisi ya madini ya serikali huko Beni, ndani ya boksi la madini ya risasi, yanayozuia mionzi, nyuma kabisa ya lori. Masika naye alikwenda Beni kwa baba yake alipopata nguvu. Leo ananunua kakao huko, ana wajukuu, na kila akinipigia simu analalamikia joto. Nami humwacha alalamike, nafurahi tu kuisikia sauti yake.

Nimezeeka sasa, na mshangao ule haujanitoka. Gizani, bila sauti, bila harufu, vitu vinabadilika kutoka ndani. Kwa hiyo nakuusia: mionzi usiiogope kama uchawi wala usiizoee kama sufuria. Kaa mbali nayo, kaa muda mfupi, weka kitu katikati. Na siku utakapojua jambo ambalo mama yako halijui, usimwaibishe. Chemsha maji kwanza.

Filamu ya Hadji ninayo bado, nimekufungia kwenye kitenge hiki, ni yako. Mungu akutangulie kazini. Na kati yako na yale yote usiyoyaona, aweke kitu cha kukukinga, hata kiwe kidogo kama ile pini.