Sila na Konokono wa Bustani ya Ipagala

Mtu aliyemtangulia Sila katika bustani ya Bwana Ngozi alichapwa kiboko mpaka akashindwa kuinama, na kazi ya bustani ni kuinama. Ndivyo Sila alivyopata kazi.

Hiyo ilikuwa enzi ya Wajerumani, reli ikiwa imeshafika Dodoma. Bwana Ngozi alikuwa Mjerumani aliyenunua ngozi za ng'ombe, na jina hilo alipewa na Wagogo wenyewe. Pale Ipagala alichimbisha kisima kwenye mchanga wa korongo, akazungushia uzio wa miiba, akapanda kabichi na saladi za kuwauzia Wazungu wenzake. Wanawake wa jirani walishurutishwa kumtekea maji. Nchi yote ilikuwa kavu isipokuwa pale, kwa hiyo konokono wote walihamia pale. Wakaja na koa, wale wasio na gamba, ambao mchana hujificha udongoni na usiku hutoka kula.

Kila asubuhi Bwana alipita na kikombe chake cha kahawa akikagua majani. Akiona tundu, mtunza bustani alilazwa kifudifudi.

Sila alikuwa kijana mpole, aliyebatizwa na kufundishwa kusoma na wamisheni wa Mpwapwa. Alichapwa juma lake la kwanza, akachapwa tena kabla mgongo haujapona. Akaona akizubaa atakufa. Alfajiri, kabla jua halijakausha ute, alifuata njia za wale wadudu kutoka kwenye majani hadi walikolala. Akajifunza kwamba wanapenda kivuli na unyevu, basi akawatengenezea kivuli: alifudikiza vipande vya vibuyu kando ya matuta, na kila kulipokucha alivifunua akawaokota wakiwa wamejazana. Akawaomba wanawake wamwagilie asubuhi badala ya jioni, ili usiku udongo uwe mkavu. Alizungushia miche majivu, na majivu yakilowa aliweka mengine. Alifukua mayai yao, meupe kama punje za uwele, akayaponda. Kisha akamwomba Bwana anunue bata. Kapu la konokono lilimwagwa mbele ya bata kila asubuhi, nao walilimaliza kwa kelele.

Saladi zikatoka safi. Bwana aliinua moja juani, akaigeuza, asione tundu. Akacheka, akamvua shati mnyapara wa zamani, aliyekuwa akiwasimamia wanawake, akampa Sila, na kiboko juu yake.

"Sasa wewe nyapara," alisema. "Mimi ona tundu, wewe piga hao. Wewe hapana piga, mimi piga wewe."

Mtu wa kwanza kupigwa na Sila alikuwa Zipora, mama wa makamo ya mama yake mzazi, aliyesahau kufunua vibuyu vya tuta la mwisho. Baadaye Sila alijificha nyuma ya banda akatapika. Wa pili hakumtapisha. Miezi ilipopita akawa anapiga hata pasipo na tundu, maana aligundua kwamba mtu aliyepigwa jana huokota vizuri zaidi leo. Jumapili aliendelea kusali.

Kisha mvua ikakosa kunyesha. Mtama ulikauka ukiwa haujazidi goti, ng'ombe wakafa. Watu walichimba mizizi, na ilipokwisha wakachemsha ngozi walizokuwa wakilalia. Bustani ya Bwana Ngozi ilibaki kijani, kwa sababu wanawake waliendelea kuteka, wakianguka njiani na kuinuka.

Asubuhi moja dada yake Sila, Dorkasi, alifika kwenye uzio wa miiba. Alikuwa ametoka Mkonze kwa miguu, na mgongoni amembeba mwanawe Ruthu, aliyekuwa hana hata nguvu ya kulia. Bwana alikuwa ameketi barazani na kahawa yake, anaangalia.

"Kaka," Dorkasi aliita. "Nipe hayo majani ya nje ya kabichi. Hayo mnayoyatupa."

"Hatuyatupi. Bata huyala."

"Basi machache tu. Mtoto hajaonja kitu."

Sila alitupa jicho barazani. "Nenda zako, Dorkasi. Unataka nipigwe?"

Dorkasi akaliona kapu mkononi mwake, konokono wakijivuta humo. "Nipe hao, basi."

"Una wazimu? Mgogo hali konokono."

"Mgogo aliyeshiba," alisema dada yake. "Nipe, mwana wa mama yangu. Nitawachemsha mbali, hakuna atakayeona."

Lilikuwa kapu moja tu, na kesho lingejaa tena. Kumpa kusingempunguzia Bwana hata jani moja. Lakini Sila alihisi macho ya barazani shingoni mwake, na pia aliona haya: aliogopa wale wanawake wasije wakajua kwamba huyu mwenye kuomba konokono ni damu yake. Akaligeuza kapu. Bata wakaja mbio, wakala, na Dorkasi akasimama akiwatazama mpaka gamba la mwisho.

Alipoondoka, Makame, mpishi wa Bwana, alitoka jikoni na ukoko wa wali amekunja kwenye jani. "Yuko wapi yule mama? Ni nani?"

"Ombaomba tu," Sila akasema.

Ruthu alikufa njiani, kabla ya Mkonze. Habari aliileta Zipora mwenyewe, akimwambia Sila huku anamwaga maji, bila kuinua uso. Siku ile saladi zilikuwa zinapakiwa kwenye treni. Sila alizipanga kwenye vikapu, akazifunika magunia yaliyolowa, akazipeleka stesheni. Mazikoni hakwenda.

Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipofika Dodoma, Bwana Ngozi alikimbia na Wajerumani wenzake. Kulipokucha wanawake waliingia bustanini, wakaanza kung'oa kabichi. Sila akainua kiboko akampiga wa karibu yake.

Makame akamshika mkono. "Sila! Unamlindia nani?"

Wale wanawake hawakumpiga. Walimpita tu huku na huku, kama watu wanaopita kisiki shambani, wakabeba mpaka mizizi.

Alisalia na kabichi chache alizoficha bandani. Akazifunga, akazipeleka Mkonze. Dorkasi alikuwa amekaa nje ya nyumba yake ya tembe, amekonda, nywele zimemkatika. Sila aliutua mzigo mbele yake akapiga magoti.

"Nimekuletea, dada."

Dorkasi aliutazama mzigo. Akawaita majirani, akawagawia kabichi zote, moja moja, mbele ya macho ya Sila. Yeye mwenyewe hakubakiza hata jani.

"Wangekupiga tu," alisema mwishowe. "Ungepona. Ulishapona kabla."

Sila aliishi Mkonze miaka mingi baada ya hapo, chini ya Waingereza, katika kijumba pembeni mwa mashamba. Alilima vizuri, na kila mavuno alipeleka mtama kwa dada yake. Dorkasi aliupokea, akaitikia salamu yake, akaingia ndani. Kigoda hakuwahi kumtolea.