Ukucha Uliobaki Mweupe

Ukitaka kucheka, cheka. Hata mimi ningecheka, kama mkono ule nisingeushika kwa vidole vyangu mwenyewe. Hapa mtaani Biryogo wananijua: ni fundi cherehani, shule niliiacha mapema, kipaji cha kutunga sina.

Mama mkwe wangu alilazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Muuguzi alitufundisha: bonyeza ukucha wa mgonjwa mpaka uwe mweupe, uachie. Damu ikizunguka vizuri, rangi inarudi upesi. Mimi nilipima kwa kusoma bismillahi: rangi irudi kabla sijaimaliza. Basi sisi wenye wagonjwa, tukiwa kwenye benchi la nje tukingoja kuingia, tukaufanya mchezo. Tunabonyezana kucha. "Wewe iko mzima, nenda ulete chai!"

Adhuhuri moja nilikuwa peke yangu. Mama mmoja akaketi kando yangu, miguu mitupu, gauni la hospitali mwilini. Akaninyooshea mkono. Nikadhani naye anataka mchezo. Nikabonyeza, nikaachia. Nikamaliza bismillahi, nikairudia. Ukucha bado mweupe kama chaki.

Nami nikacheka! "Mama, damu yako iko konji, imeenda kupumzika!"

Hakucheka. "Mashine inasema niko sawa," akasema. "Waambie wafunue magoti yangu."

Niligeuka kidogo tu, mlango ulipofunguliwa. Kurudisha macho, benchi tupu.

Nikaingia. Niamini: kwenye kitanda kilichopakana na cha mama mkwe alilala yeye, mama wa benchini, mpira wa kupumulia mdomoni, amelazwa usingizi kwa dawa, blanketi mpaka kifuani. Mashine yake ilikuwa imetulia kabisa, bila kengele yoyote.

Ningesema nini? "Dada, samahani, huyu mama... mtazame magoti."

Muuguzi simlaumu. Alimkagua asubuhi, akamwona yuko vizuri. Akafunua blanketi. Magoti yalikuwa na madoa ya zambarau, baridi, damu haifiki. Akabonyeza ukucha, akangoja, kisha akamwita daktari kwa sauti. Mimi nikatolewa nje.

Yule mama alipona. Muuguzi akanisifu mbele ya wote: "Mama huyu iko na jicho!" Nikazipokea sifa zisizo zangu. Lakini ningeeleza vipi? Labda wewe ungeweza.

Siku alipohamishiwa wodi ya kawaida, kitanda chake kilisukumwa mbele ya benchi letu. Akanitazama. Sauti ilikuwa imekwaruzwa na ule mpira.

"Ni wewe," akasema, "uliyesema damu yangu iko konji."

Wenzangu wakaangua kicheko, wakidhani tunajuana tangu zamani. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Mtu amekuja kuomba uhai wake, nami nikamfanyia mzaha.

Mpaka leo nikibana kitambaa chini ya sindano, ukucha wangu huwa mweupe, nami huona haya mpaka rangi irudi. Nawe, ukinyooshewa mkono penye wagonjwa, usitangulize kicheko. Ushike, ungoje damu.