Siku Niliyochomoa Waya wa Minji

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, ambayo sipendi kuikumbuka. Leo nitakusimulia kwa sababu nakuona unavyonuna wenzako wakipigiwa simu na kwao.

Nilikuwa nasomea uuguzi hapa Birmingham, Uingereza, nimepanga chumba mtaa wa Moseley kwa Mama Harjit, Mhindi mzaliwa wa Kisumu. Chumba cha pili alikaa Minji, msichana wa Korea, mtoto wa pekee, mwaka wake wa kwanza mbali na kwao. Kila mchana aliegemeza simu kwenye kopo la sukari, akala na mama yake. Huku ni chakula cha mchana, kule cha jioni. Wala hawakuongea sana. Mama anatafuna, mtoto anatafuna, wanatazamana. Nilimwonea wivu hadi chakula changu kikanishinda. Mimi baba yangu alikuwa amezikwa bila kunisubiri, na tangu waliponiambia hawataningoja, kwa hasira nilikuwa sijapiga wala kupokea simu ya nyumbani miezi minne.

Jumamosi hiyo Minji aliniambia ni mwaka mzima tangu bibi yake, aliyemlea, afariki. Jamaa wangekusanyika mbele ya picha yake na vyakula alivyovipenda, wamwinamie hadi chini, naye angeinama nao kupitia simu. Alifagia sebule, akavaa nguo nyeusi, akaiweka simu kwenye kigoda. Nikiwa kwenye korido nikasikia shangazi na wajomba wakimwita Minji kwa zamu. Roho ikaniuma, nakuambia kweli. Mimi nilinyimwa hata kuliona kaburi. Nikachomoa waya wa waifai.

Minji hakujua. Alikuwa ameshaweka paji la uso sakafuni. Alipoinuka akakuta picha imeganda, akaitikisa simu, akalia kama mtoto mdogo. Bando hakuwa nalo. Mimi nilikuwa nalo, simu iko mfukoni, na sikumwazima.

Mama Harjit akatoka jikoni, akauona waya mkononi mwangu. Hakupandisha sauti.

“Mama yako yuko hai?”

“Yuko.”

“Basi huyu unamwonea wivu gani? Yeye anapiga simu kwao. Wewe umekataa.”

Niliurudisha waya, lakini kule walikuwa wameshaondoa vyakula. Nikamwambia Minji ukweli. Hadi alipohama hakukaa tena meza moja nami. Nilistahili.

Jioni nikampigia mama. Alipokea upesi, kana kwamba simu ilikuwa mkononi muda wote. Nikaanza kulalamika kwamba walimzika baba wakanisahau. Aliniacha nimalize.

“Siku ile kaka yako alisimama kando ya kaburi, simu juu, anakupigia ili uone,” akasema. “Tulimsubirisha padri. Ulikuwa umezima.”

Ndiyo, nilikuwa nimezima. Kwa hasira.

Mwanangu, simu ya mwenzako ikikutia wivu, chukua yako kwanza uangalie ni simu ya nani umeacha kuipokea. Mpigie leo. Usingoje uwe na habari njema wala uwe na la kusema. Kaeni hata mkitafuna tu. Na mkigombana na watu wa nyumbani, kasirika upendavyo, lakini usizime. Mungu akutunzie waliokuzaa, akulainishie moyo, na kila utakapowaita akujalie wawepo wa kukuitikia.