Siku Niliyodaka Mpira na Mimi Si Golkipa

Niwaambie ya aibu kwanza nipumue: nilidaka mpira kwa mikono miwili ndani ya boksi letu wenyewe, fainali, tuko moja-moja na Jilore, Mambrui nzima imejaa uwanjani, na mimi si golkipa, mimi ni beki.

Aliyeniponza ni mzee wa Kiaustralia, Bwana Keni, niliyekuwa nikimtunzia bustani pale Malindi (shule niliiacha darasa la sita, sasa ningetunza nini kingine). Huyu miaka ya hamsini alikuwa mchezaji mkubwa huko kwao, mpira wao umechongoka kama yai, watu kumi na wanane kila upande, mpaka goti likamvunjika akawa kocha, akafundisha miaka na miaka hadi wakamwona mzee wakamtoa. Kila alasiri alinihadithia, macho yako mbali, vile walivyokuwa wakiruka juu ya migongo ya wenzao wakaunyaka mpira hewani, na ukiunyaka tu refa anapiga filimbi, wote wanakupisha, unarudi nyuma unapiga kwa raha zako. Mpira wake mmoja alikuwa nao bado, ngozi imepasukapasuka, wa kucheza naye ndiye hana. Nikamwonea imani, siku moja nikamwambia haya Bwana, nirushie.

Kosa langu ni hilo tu. Miezi minne narukaruka kwenye nyasi zake kama chura, mpaka mwili ukazoea.

Kisha akaniambia binti yake amemwita, Jumatatu anarudi kwao moja kwa moja. Nikamsihi aje Jumamosi kwenye fainali anione nikicheza, maana nilitaka aniage akijua hakupoteza wakati wake kwangu.

Akaja kweli. Basi ikapigwa kona. Mpira ukaja juu, mzuri, mbele yangu kuna jamaa wa Jilore, sijui nini kilinipata, goti mgongoni mwake, nikapaa, nikaunyaka. Filimbi ikalia, watu wote wakasimama (kama alivyonihadithia). Nikarudi nyuma hatua tano, nikawapungia Jilore mkono wanipishe.

Athmani, kapteni wetu, akaniuliza taratibu, "Omari, wafanya nini?"

"Napiga wangu."

Penalti. Mbili-moja. Uwanja ulicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bwana Keni peke yake hakucheka, mechi ilipokwisha alinishika mkono, uso umelowa, akasema, "Nilidhani sitaona tena."

Jumatatu akaenda. Nyumba ile ina wenyewe wengine sasa, na alasiri miguu bado hunipeleka huko, nikifika nakumbuka sina kazi pale. Mpira nacheza bado, ila kona ikipigwa mikono naiweka nyuma kama mtu aliyekamatwa na askari, na sitaitoa tena, wallahi.

Athmani alininunia wiki mbili. Ya tatu akaja barazani kwetu, akakaa, akasema, "Kombe tutalitafuta mwakani. Lakini yule mzee, ungempa nini kingine cha kuondoka nacho?"