Fungua Mlango Kabla ya Kulaumu Rangi

Nakumbuka Jumapili moja ya Februari, mwanangu, jua limeshika mabati ya mtaa wa Laini Saba mpaka paka wanaogopa kuyakanyaga, nami nimejifungia chumbani napigana na ndege wa mbao. Usicheke. Alikuwa mdiria, yule ndege wa mdomo mrefu anayevizia samaki, nimemchonga kwa kipande nilichookota karakana. Mgongo ulitakiwa uwe wa buluu, kifua rangi ya chungwa, na pale rangi hizo mbili zinapokutana usionekane mstari. Brashi ya nywele haiwezi kazi hiyo. Inataka kibunduki cha kupulizia rangi, kama hicho ulichoshika.

Lakini kwanza nakushukuru kwa kunifungulia. Tumeishi ukuta kwa ukuta hapa Kawangware tangu ulipohamia, na leo ndiyo mara ya kwanza naona uso wako vizuri. Nimeona pia hao askari wako wa plastiki, wadogo kama kidole gumba, wamepangwa dirishani wanasubiri kuvishwa rangi. Ni wazuri. Basi nisogezee hiyo stuli, magoti ya mzee hayana subira.

Siku zile nilikuwa kijana, na nilikuwa peke yangu. Ndugu yangu Simiyu, tuliyetoka naye Bungoma, alikuwa amerudi nyumbani kuoa, akaniachia chumba, kitanda na ukimya. Wiki nzima nilipaka rangi milango ya chuma pale karakana kando ya reli, kelele huku na huku. Jumapili wenzangu walikwenda kanisani, wakirudi wanaalikana chai. Mimi niliona haya kwenda peke yangu, na baada ya majuma kadhaa nikaona haya ya kuulizwa nilikuwa wapi. Upweke huanza hivyo, haya kidogo leo, haya kidogo kesho, mpaka unasahau ulikuwa unamwonea nani. Nikajitafutia ndege. Lakini mtu mzima na ndevu zake kuchezea ndege, majirani wakimwona? Nikafunga mlango, nikatia komeo.

Kibunduki changu nilikinunua kikiwa kimechoka, na kompresa, mashine ya kukisukumia hewa, niliundiwa kwa mota ya friji kuukuu. Siku hiyo vilinitesa. Rangi ilitoka vizuri kidogo, kisha ikatema matone, kisha kimya. Nikachomoa sindano yake ya ndani, nikakuta rangi imekauka kwenye ncha, nikaifuta, nikairudisha. Kikaziba tena. Nikasema rangi ni nzito, nikaongeza thina. Ikawa nyepesi mno, ikatiririka kifuani mwa ndege na kuacha michirizi kama miguu ya buibui. Nikaichuja kwa soksi ya nailoni. Nikaongeza presha. Sasa rangi ikawa inafika kwenye mbao imeshakauka, kama vumbi, ukipitisha kidole inakwaruza. Nikaitukana rangi, nikamtukana na aliyeniuzia. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini nani huwakumbuka wahenga akiwa amekasirika? Kichwa kilikuwa kinanigonga, nikadhani ni hasira.

Na pembeni jiko la makaa lilikuwa linawaka, nachemsha chai. Ndiyo, mwanangu. Thina hewani, makaa mekundu yakila hewa, mlango una komeo. Mungu ana huruma kwa wajinga.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Akinyi, mama mtu mzima kutoka kule ziwani, aliyeuza mboga alizozitoa mashamba ya Silanga. Mlango wake ulitazamana na wangu.

"Barasa! Uko ndani?"

Nikanyamaza. Nilijua ataondoka. Watu huondoka usipowajibu, hilo nilikuwa nimeshajifunza.

"Barasa, najua uko. Hiyo mashine yako nimeiskia ikilia saa hii. Fungua, hiyo harufu imejaa ploti yote."

Nikataka kusimama ili nizime mota. Magoti yakakataa. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikajaribu kumwita, sauti ikatoka ndogo, hata mimi sikuisikia vizuri.

"Ukikataa naita vijana wavunje hii mlango!"

Nilikwenda kwa mikono na magoti, nikavuta komeo. Hakunisalimia. Alinipita, akalishika jiko kwa upindo wa leso yake, akalitoa nje. Akarudi akasukuma kidirisha, ndipo akaninyanyua na kunikalisha kizingitini. Nikatapika mbele ya wapangaji wa ploti nzima. Wale wale niliowaficha ndege wangu ndio walioniletea maji.

Alinisubiri nimalize. Kisha akanisema, na hakunisema kwa upole.

"We kijana, unajua ni nini ilimaliza ndugu yangu? Alifunga mlango hivi hivi, jiko ndani, juu ya baridi. Asubuhi ni sisi tulivunja. Na ploti yote ilikuwa imesema, huyo anapenda kukaa pekee yake, tumwache." Akafuta jasho kwa leso. "Mimi siachi mtu. Ukininyamazia nitabisha. Ukinitusi, bado nitabisha."

Nikalia, mwanangu, na sikulia kwa sababu ya kichwa. Tangu Simiyu aondoke, hakuna mtu aliyekuwa amesimama kwenye mlango ule akaniita kwa jina.

Nilipopata nafuu, aliingia ndani akatoka na mdiria wangu. Nikangoja kicheko. Akamgeuza huku na huku.

"Huyu anakaa kwetu," akasema. "Lakini hii kifua umeiharibu. Maliza hapa nje, tukuone."

Nilipumzika mpaka jua likapungua, nikakwangua kile kifua, nikakaa chini ya upenu penye upepo. Nikasafisha sindano, nikachanganya rangi upya iwe na uzito wa maziwa, nikapunguza presha. Ikatoka bila kukatika. Rangi ya chungwa ikaingia kwenye buluu usijue imeingilia wapi. Hadi leo nikikumbuka natikisa kichwa. Rangi haikuwa na kosa, wala thina. Chumba cha mabati kilichofungwa saa saba mchana ni tanuri, na rangi ilikuwa inakauka kabla haijatoka mdomoni mwa kibunduki. Mama Akinyi hakujua lolote la rangi. Yeye alikuwa anafukuza kifo tu.

Yule mama amelala kwao siku nyingi. Mke wangu naye alitangulia, na watoto kila mmoja ana mji wake. Macho yangu hayaioni tena ncha ya sindano, kwa hiyo ndege niliacha. Nitakwambia wazi, mimi ni mpweke. Kompresa yako ikianza kulia jioni, huwa najisogeza karibu na ukuta. Najua rangi yako imekuwa nzito kwa jinsi inavyokohoa. Najua ukikasirika, maana unaongeza presha, nami huku nasema, punguza, mwanangu, punguza, utadhani unanisikia.

Jana kompresa ilinyamaza ghafla. Harufu ya thina ikapenya kwangu, nawe sikukusikia. Niliinuka, nikafika mlangoni pako, nikainua mkono nibishe, nikaushusha. Nilijiambia, mzee, utamsumbua kijana wa watu. Nikarudi nikakaa na sikio ukutani mpaka nilipokusikia ukikohoa. Sikulala vizuri. Mimi, niliyeokolewa na mtu aliyebisha, nilishindwa kubisha.

Basi sikiliza. Kibunduki kikiziba usikilazimishe kwa presha. Simama, toa sindano, uifute kutoka nyuma kwenda mbele usije ukaipinda, kisha tazama kile kimdomo kama kina rangi iliyoganda. Ukiona mapovu kwenye kikombe cha rangi, ujue hewa inarudi nyuma. Rangi ichuje, iwe ya kutiririka kama maziwa, isiwe uji. Ukimaliza rangi moja osha kabla ya kutia nyingine, hata kama njaa inakuuma. Na usipulize thina chumba kimefungwa, wala karibu na moto. Hayo hata video za simu yako zitakufundisha.

Lisilo kwenye video ni hili. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na upweke ni maradhi. Usione haya na hao askari wako. Watoe nje, uwapake upenuni watu wakiona. Atakayecheka acheke, huenda ndiye atakayekuletea maji. Heri jirani aliye karibu kuliko ndugu aliye mbali, na mimi jirani yako nimechelewa kubisha, unisamehe.

Mungu akupe mkono mtulivu na macho ya kukufikisha uzeeni. Akupe kazi unayoipenda na watu wa kukuuliza umefika wapi nayo. Na siku utakayonyamaza, mwanangu, akupe mtu asiyeondoka mlangoni.