Bhoke Wawili Ndani ya Seva

Mke wangu Bhoke alipiga taipu miaka kumi na tisa katika ofisi ya wakulima wa tumbaku, Migori mjini. Mimi sikusoma. Ngumbaru, masomo ya watu wazima, nilianza baadaye, yeye akiwa ameshaenda.

Mwaka wa tisini na sita, akiwa kwa kitanda cha hospitali, aliniambia ameniandikia maneno kwa ile kompyuta yake, niende nisomewe. Sikuuliza ni maneno gani. Nilidhani atapona aniambie mwenyewe.

Matanga yalipoisha nikaenda. Meza yake ilikuwa tupu. Nilikuta fundi Mkisii, mama mmoja anaitwa Nyanchoka, amepitisha waya mweusi ukutani, kutoka kompyuta hii hadi ile. Zilikuwa kuukuu, rangi yake kama meno ya mvuta tumbaku. Akanieleza kwamba sasa zote zinaweka mafaili mahali pamoja, kwa mashine kubwa ya pale pembeni, inaitwa seva. Kompyuta ya mke wangu ilishapelekwa tawi la Homa Bay, lakini mafaili yake aliyanakili kwa seva kwanza.

Nikamuuliza, yakikaa pamoja yanajuanaje. Akasema kwa jina.

Akatafuta, akapata BHOKE, akaanza kunisomea. Ilikuwa barua ya kuomba ruhusa, eti mume wangu Ken ameanguka na pikipiki. Mimi si Ken. Pikipiki sijawahi kupanda.

 Nyanchoka akamtazama msichana mwingine wa taipu, aliyekaa dirishani. Naye ni Bhoke. Kumbe kila mmoja aliita faili jina lake. Ya mke wangu iliingia kwa seva kwanza. Ya huyu ilipokuja na jina lile lile, ikaikalia, ya kwanza ikafutika.

Sikuelewa.

"Kwa boma la baba yangu kulikuwa na Bhoke wanne," nikamwambia. "Hakuna aliyemfuta mwenzake."

"Mliwatofautisha vipi, baba?"

"Kwa watoto wao. Huyu wangu ni Mama Gisiri."

"Seva haijui watoto."

Yule Bhoke wa dirishani akaanza kulia, akaniomba msamaha. Nikamwambia hana kosa, jina alipewa.

Nyanchoka akasema kunakili si kuhamisha. Maneno ya Mama Gisiri huenda yangali ndani ya kompyuta yenyewe huko Homa Bay, ila kama wameisafisha, basi. Kesho yake alikuwa anaenda huko kufunga waya. Nikaenda naye.

Karani wa huko, Nyabuto, alitupokea vizuri. Nyanchoka akamuuliza habari ya ile kompyuta.

"Hiyo nimeisafisha tangu jana," akasema.

Nikatafuta kiti. Nyanchoka akamuuliza ameisafisha na nini. Nyabuto akatuonyesha kitambaa na sabuni ya unga. Nyanchoka akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikujua tunacheka nini, mpaka aliponiambia kusafisha kwao ni kufuta ya ndani, vumbi si kitu.

Akaiwasha. BHOKE ilikuwepo.

Kabla ya kuiweka na faili zingine akaniuliza tuiite nani. Akasema Mama Gisiri haliingii, jina la faili mwisho ni herufi nane. Akaandika BHOKEGIS, akanisomea jina. Nikamuuliza ile iri imeenda wapi. Akasema imekosa nafasi.

Halafu akanisomea ya ndani. Yalikuwa maneno machache.

"Baba Gisiri, kila asubuhi unanifuata hadi lami, unasema unaenda kuangalia ng'ombe. Huko hakuna ng'ombe. Mimi najua. Bosi ananiita, nitamalizia kesho."

Nikamuuliza kama kuna mengine. Akashuka na kidole kwenye kioo, akasema hakuna. Nikamwomba asome tena. Akasoma mara tatu.

Ni kweli, ng'ombe wetu walikuwa upande wa mto. Miaka kumi na tisa nilidhani ameamini. Kama alijua, mbona hakusema tutembee pamoja?